Pikapu Isiyonguruma

Marlys, shoga yangu, uko? Nimekwisha. NIMEKWISHA.

Unakijua kile kipikapu changu cha umeme. Bei poa, hakina redio, hakina rangi, vioo unazungusha kwa mkono. Nakipenda kuliko mume wangu. Randy anakiita friji yenye magurudumu, ana wivu tu huyo.

Sasa leo nimepita kanisani taratibu, vioo nimeshusha. Nikamkuta Twyla, mke wa mchungaji, na bakuli lake la tambi za samaki wa kopo. Si unatujua watu wa Indiana? Unacheka, unapunga mkono, huku unasema yako ya moyoni. Ile pikapu yangu kuukuu ya dizeli ilikuwa inayameza yote kwa kunguruma.

Basi nikacheka, nikapunga, nikasema, "Jamani, ile gundi yake tena! Hata mbwa wetu aliikimbia."

Twyla naye akacheka, akapunga. "Na wewe ndiye uliyeomba uongezewe, mpenzi."

ALINISIKIA. Neno kwa neno! Kigari hakitoi hata mlio wa mbu!

Halafu akaja akaniwekea lile bakuli nyuma ya pikapu. "Mpelekee mbwa, ajaribu tena."

Nimefika nyumbani. Ndipo nikakumbuka kwamba kigari hiki nina wiki nzima nacho. Nimeupungia mkono mji mzima.

Marlys.

Jana nilipopita kwako nikakupungia, ulikuwa umeshika mashine yako ya kukatia nyasi. Niambie ilikuwa inanguruma.