Darasa Lililotulia

Mama watoto,

Mimi mzima, ila suruali zote zinanibana, nitakuletea uzipanue. Jana nilifundisha kipindi cha mwisho baada ya miaka sita ya ugenini. Unakumbuka nilivyojisifu kwamba darasa langu limetulia, hata maswali wanayaandika kwenye karatasi na kuniinulia? Nilijiona bingwa wa nidhamu! Jana, wakati wa kuagana, kiranja alinikabidhi furushi la karatasi hizo. Ya juu kabisa iliandikwa: "Mwalimu, tulijua tangu mwaka jana kwamba husikii. Tulikubaliana tusikuaibishe."

Nililia mbele ya wanafunzi, mtu mzima na kitambi changu.

Basi, mke wangu, ndiyo maana nilikwepa simu zako nikisingizia mtandao. Uliponiandikia kuuliza kama nimepata mwingine, niliona afadhali unishuku kuliko unihurumie. Ujinga ulioje! Mwalimu mkuu naye aligundua, mkataba ukaishia hapo. Huko nyumbani sijui nani atamwajiri mwalimu kiziwi.

Jumamosi ukija kunipokea, usiniite kwa nyuma ukadhani nimekudharau. Nifuate, unishike mkono.

Wako yuleyule,
Mzee wa Chaki