Kiungo Bila Kashe

Jumanne

Hatimaye tovuti moja imekubali kuweka kiungo cha kuwaleta watu kwenye tovuti yetu mpya ya mchele: ile ya kwaya ya Luvungi. Nilikimbia kumwonyesha Shefu.

"Barua yao yenye muhuri iko wapi?"

Nikabonyeza kiungo, ukurasa wetu ukafunguka.

"Hiyo nimeona. Kashe iko wapi? Miye siwezi kuweka kidole chako mu faili. Weye ulisoma, na bado unanileteya kitu bila kashe?"

"Itapatikana, Shefu," nikajibu, maana mkataba wangu unaisha mwezi huu na yeye ndiye anayesaini.

Kesho napanda pikipiki kwenda Luvungi na barua ya kupigwa hiyo kashe, yaani muhuri. Naogopa. Wanakwaya wakiona karatasi rasmi watadhani kuna kesi, na kiungo changu pekee watakifuta.