Kwa Baba, Uliyealika Kijiji Kwenye Mvinyo Wangu

Baba yangu mpendwa,

Unaikumbuka siku niliyoshuka stendi na vijiti vya mizabibu kutoka Dodoma, nimevifunga kwenye gunia lililoloweshwa maji? Ulivipokea, ukavigeuzageuza, ukauliza kwa upole, "Mama, kwani kuni za huku zimeisha?" Kwa kuwa nina jina la mama yako, hukuwahi kuniita kitu kingine. Nikakueleza kwamba chuo chetu cha wananchi hapa wilayani Butiama kimenipa kazi ya kuanzisha masomo mawili, kilimo cha bustani na utengenezaji wa mvinyo. Kazi yenyewe ilikuwa ya majaribio. Bodi ingekuja mwisho wa muhula ione bustani na ionje mvinyo. Ikiridhika nabaki, isiporidhika narudi Dodoma. Hukuuliza habari za mshahara. Uliuliza tu, "Kwa hiyo utakuwa unalala hapa hapa kijijini kwetu, Buswahili?" Tangu mama afariki ulikuwa unakula ugali wako peke yako, nikajua unachokitaka.

Mizabibu ingechukua muda kuzaa, kwa hiyo mvinyo wa kwanza tuliutengeneza kwa rosela, yale maua mekundu ya juisi. Ulikuja kuuonja ungali mchanga, ukakunja uso. "Hii ni juisi iliyokasirika," ulisema. Kisha ukaninong'oneza, "Ndiyo hii padri anakunywaga peke yake?" Nilicheka mpaka wanafunzi wakaacha kazi. Nikakuambia kwamba huu lazima utulie kwenye mapipa hadi bodi waje. Ukaitikia kwa kichwa. Baba, uliitikia kabisa!

Jumamosi ile nilikwenda Musoma, pale Mwigobero, kutafuta chupa. Niliporudi nilisikia nyimbo tangu getini. Karakana ya mvinyo ilikuwa imejaa wazee wa Buswahili, kila mmoja na kikombe alichotoka nacho nyumbani, na wewe katikati unagawa kwa kata, umevaa koti la kanisani. Mlinzi alikufungulia kwa sababu ni baba wa mwalimu, angefanyaje? Mapipa yote yalikuwa matupu. "Nimekusaidia kualika, mama," uliniambia kwa furaha. "Ulikuwa umesahau watu. Na pombe hailalagi, ikilala inachacha." Kwako wewe, kutengeneza pombe bila kuita majirani ulikuwa uchoyo, na hukutaka binti yako aitwe mchoyo. Nilikaa juu ya ndoo nikalia. Nikakuambia, "Baba, umekunywa kazi yangu." Njia nzima ya kurudi nyumbani hukusema neno, na wewe ulikuwa mtu wa maneno.

Lakini kwetu, aliyekunywa pombe yako hulima shamba lako. Jumatatu asubuhi niliwakuta wazee wale wale getini pamoja na wake zao, majembe begani, wakiuliza, "Haya mwalimu, shamba liko wapi?" Walilima eneo lote ambalo wanafunzi wangu walikuwa wanalikwangua tangu muhula uanze. Walichimba mitaro ya mizabibu, wakabeba samadi kutoka kwenye mazizi yao. Wewe ulikuwa mbele, unalima kama mtu anayetafuta kitu kilichofukiwa. Ulipopumzika ulisema bila kunitazama, "Wakikurudisha Dodoma, nitakuwa nimekufukuza mimi." Nilikufuta vumbi usoni kwa kanga yangu. Hasira zilikuwa zimekwisha, hata sijui ziliishia wapi.

Bodi walikuja, mvinyo hakuna. Waliitazama ile mistari ya mizabibu, matuta ya nyanya na mchicha, na majirani waliokuwa bado wanapalilia bila kulazimishwa na mtu. Wakanong'onezana kidogo. Wakatupa muda mpaka mizabibu izae.

Tangu hapo ulijiteua kuwa mkaguzi. Kila asubuhi ulianza kuijulia hali mizabibu, ndipo ukanisalimia mimi. Uliponiona napogoa matawi uliumia kweli: "Mbona unakataga hata vitoto?" Uliiona ikipanda kwenye nyaya, ukaiona ikitoa maua. Zabibu hukuziona. Uliugua kidogo tu, ukaondoka kimya kimya, jambo ambalo halikuwa tabia yako hata kidogo. Nakukumbuka mno, baba. Nakukumbuka hata nikiwa nafundisha, nasimama katikati ya sentensi, na wanafunzi wananisubiri kwa adabu.

Tulikamua zabibu za kwanza, na safari hii mvinyo ulitulia kwenye mapipa mpaka siku yake. Wazee walikuja kuuchungulia, wakarudi na vikombe vyao vikavu, wananung'unika, ungefurahi kuwaona. Juzi bodi walionja. Mwenyekiti aliomba aongezewe, halafu akasimama akatangaza kwamba masomo yote mawili sasa ni ya kudumu, na mimi nimeajiriwa moja kwa moja. Wanafunzi walinibeba juujuu. Nilikuwa nacheka huku nakutafuta kwa macho kati ya watu.

Ulitaka nisirudi Dodoma, baba. Sirudi. Mimi nimepata kubaki, na wewe ndiye umeondoka.

Pumzika sasa, baba yangu.

Binti yako