Orodha ya Wazima

Malaba,
Jumatano.

Mpendwa dada Benedetta,

Kuna sauti moja fupi, "ba", ambayo haijanitoka sikioni tangu wiki iliyopita. Kabla sijakueleza, pokea salamu zangu nyingi. Natumaini wewe, shemeji na watoto mko salama hapo Funyula, na mguu wako umepona. Huku hatujambo. Kaka yetu Ojiambo anameza dawa zake na amerudi kwenye ofisi ya kugomboa mizigo.

Wiki iliyopita nilimsindikiza hospitalini Busia. Daktari Lubna anachunguza jinsi pande mbili za ubongo zinavyogawana kazi kwa wenye skizofrenia, ugonjwa wake huo wa kusikia sauti. Alitueleza kwamba kwa watu wengi lugha hutegemea zaidi upande wa kushoto, na kwamba kwa baadhi ya wagonjwa tofauti hiyo hupungua. Ojiambo akamwambia kichwa chake basi ni kama mpaka wa Malaba: foleni ng'ambo zote mbili, na hakuna anayejua karatasi ziko kwa nani. Daktari alicheka hadi akavua miwani.

Alihitaji pia ndugu wazima wa kulinganisha nao. Unajua nyumbani mzima ni mimi. Mama alipochinja jogoo, akidhani ugonjwa ule ni marehemu babu anayedai Ojiambo aitwe jina lake, ni mimi niliyebisha na kumpeleka Ojiambo kliniki. Basi nikaweka sahihi, nikavaa hedifoni: "ba" sikio hili, "da" lile, kwa wakati mmoja, nami nataja niliyoisikia vizuri zaidi.

Dada, nilidanganya. Fomu iliuliza kama nimewahi kusikia mtu akisema nami ilhali hayupo. Niliandika hapana. Tangu Februari kuna mwanamke anayezihesabu hatua zangu kwa Kisamia kila niendapo sokoni. Nilihofia Mama hataweza kubeba mgonjwa wa pili. Tena daktari alikuwa amesema kipimo kile peke yake hakiwezi kumtambua mgonjwa, kwa hiyo hakuna ambaye angejua ila mimi.

Nilimwambia Ojiambo kwanza. Aliuliza kama huyo wangu ana adabu, maana wa kwake humtukana mbele ya madereva. Nikacheka, kisha nikalia.

Wasalimie shemeji na watoto. Mama nilimpigia jana nikamweleza mwenyewe, kwa hiyo usiogope kuzungumza naye. Leo asubuhi nilirudi kwa Lubna, nikamwomba alifute jina langu kwenye orodha ya wazima, akanifungulia faili.

Mdogo wako akupendaye,
Zilpa