Siku Tano Nilizonyamaza

Dada yangu,

Shikamoo. Hujambo na watoto? Shemeji mgongo wake umepoa? Sisi tunapumua. Mtoto kaota meno mawili ya juu, sasa anang'ata kila kinachopita karibu yake. Mwandiko wangu unaujua, kama kuku kapita kwenye unga, kwa hiyo soma polepole, tena soma peke yako kwanza.

Najua Mama ameshafika kwako na ameshakueleza. Ni kweli, wifi yako ni mjamzito. Mtoto hajatimiza mwaka, na daktari alisema kile kidonda cha kujifungua kwa upasuaji kipumzike miaka miwili. Mama alisema mkamwana wake ni mzembe, vidonge anameza kama pipi, siku akijisikia. Akasema safari hii akijifungua, yeye asiitwe kuja kumwuguza. Akafunga mizigo asubuhi ileile, chai hakumaliza. Wifi yako akaokota kile kikombe akaenda kukiosha. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika begi la Mama, na sikumtetea.

Ngoja nianzie mbali kidogo. Mtoto alipofika miezi mitano tulikwenda kliniki wote wawili. Kwenye benchi mwanaume nilikuwa peke yangu, nikawa natazama viatu vyangu. Nesi, mama mmoja mnene mwenye maneno, akaniuliza kama nimemsindikiza mke au nimekuja kukagua sakafu. Wakacheka benchi zima. Lakini alitueleza vizuri. Akasema vidonge vinazuia mimba sana, ila vinataka kumezwa kila siku, saa ileile, na magonjwa havizuii. Mpira unazuia mimba na magonjwa, ila unataka kuvaliwa kila mara na kuvaliwa sawasawa, na watu wengi hapo ndipo wanapoteleza. Wifi yako akachagua vidonge, akasema yeye kichwa chake anakiamini kuliko changu. Nesi akamwambia hapo hajakosea.

Na dada, hakukosea. Alikuwa anameza kila akimaliza kumwogesha mtoto jioni, hajaruka hata siku moja. Mimi huwa natazama, wewe unanijua.

Baada ya miezi mitatu presha ikapanda. Nesi akasema vidonge vya aina ile aviache, watamtafutia njia nyingine presha ikitulia, na kwa sasa tutumie mipira. Akanigeukia, akasema haya baba, zamu yako. Akanipa pakiti, akaniambia niweke mahali pakavu, pasipo joto. Akasema pia mpira ukipasuka tusikae na jambo hilo moyoni, twende upesi, kuna vidonge vya dharura, mwisho siku tano, na mapema ndiyo bora.

Sasa Mama alikuwa kwetu, habari ya vidonge kuachwa hakuambiwa, na kabati ni moja. Kila asubuhi yeye ndiye anayelifungua kutoa nguo za mtoto. Nikaona aibu, Mama aikute pakiti ile katikati ya soksi? Nikaipeleka kazini. Nikaiweka kwenye mfuko wa koti langu kuukuu, linaloning'inia kwenye msumari ukutani, nyuma ya tanuri la mikate. Nikawa natoa mmoja mmoja narudi nao nyumbani. Ukuta ule dada, ukiegemea shati linakauka. Kutwa nzima nageuza trei pale, natoa jasho, na sikuwaza.

Juzi mwenzetu anayekanda unga alikwenda kutafuta kiberiti kwenye koti langu, akaikuta pakiti. Akanicheka mpaka akakaa kwenye gunia. Akaniuliza siku hizi tunauza mikate au tunaoka mipira, nani hajui kwamba joto linaiharibu? Wote wakacheka. Mimi nikaenda nje.

Kwa sababu mimi nilikuwa najua kitu wasichokijua. Mmoja ulishapasuka, kabla ya mimba hii. Niliuona, wifi yako hakuuona. Nikaukunja kwenye karatasi nikautupa. Nilikumbuka kabisa maneno ya nesi. Nikasema kesho nitamwambia. Kesho yake benchi lile likanijia machoni, na yule nesi na kicheko chake, nikasema kesho. Siku tano zikaisha hivyo, dada. Sikumwambia.

Jana nimemwambia. Alikuwa anakunja nepi. Hakupiga kelele. Aliuliza tu kwa nini nilimwacha atukanwe na Mama mbele yangu, wakati aliyekuwa anajua ni mimi. Leo ameniwekea chakula, lakini hajaniita jina.

Jumatatu tunakwenda hospitali kwa daktari aliyempasua. Naingia naye ndani, na nitasema mwenyewe. Ninachokuomba ni Mama. Mambo haya mtoto wa kiume hawezi kumweleza mama yake, na wewe ni mkubwa wetu. Mweleze yote, koti, tanuri na siku tano. Usinipambie. Akitaka kukasirika anikasirikie mimi, lakini kwa mkamwana wake arudi. Daktari akisema tena kupasuliwa, yule atahitaji mtu wa kumshika mkono atoke kitandani, na kwao hana mama.

Nisalimie shemeji, wabusu watoto. Mama msalimie mwisho, ukishamaliza kumweleza.

Mimi mdogo wako,
mchoma mikate