Viluwiluwi wa Mtaroni

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na ule mguu unaokusumbua asubuhi umeanza kukutii. Sisi huku hatujambo. Mkwe wako anakuamkia, na wajukuu wamerefuka hadi suruali za mwaka jana zinawaishia juu ya vifundo. Mimi ni mzima wa mwili. Nasema wa mwili, kwa sababu hayo mengine ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Umeniuliza kama kweli dawa za kazini ndizo zilizomkaba mdogo wangu kifua hata akaacha kazi na kurudi kwako. Nimekaa na swali hilo wiki mbili. Jibu lake linaanzia mbali kidogo, kwa hiyo nivumilie.

Kazi yangu unaijua: kupuliza dawa ya mbu kwenye nyumba za huku pembezoni, zile zenye miti mingi hadi nguo hazikauki uani. Miaka kumi na moja nimebeba bomba mgongoni. Napuliza vichakani, chini ya majani, nyuma ya mabanda. Wiki inapita, mbu wanarudi, na mimi narudi. Wenye nyumba walinizoea wakaniita Bwana Moshi, nami nikajiona mtu.

Ulipomleta kitindamimba wako nimtafutie nafasi, nilimpokea kwa mikono miwili. Ulimwambia mbele yangu kwamba tangu baba atutoke mimi ndiye baba yake, asije akanivunjia heshima mbele za watu. Aliitikia kwa kichwa. Nilidhani ni kuitikia kwa adabu tu.

Nilimfundisha kuchanganya dawa na kuvaa barakoa. Siku ya nne akaliweka bomba chini, akaomba upawa. Nilimwuliza kama anakwenda kuonja mchuzi. Akaanza kuzunguka uani akichota maji kila yalipotuama: kwenye mifereji ya paa iliyojaa majani, visahani vya maua, turubai lililokunjwa, na zaidi kwenye mashimo ya miti, pale matawi yanapogawanyika na mvua ikabaki. Akikuta viluwiluwi, anamwaga maji na kushindilia mchanga shimoni. Halafu anamweleza mwenye nyumba akate matawi ya chini, jua liingie. Bomba alilitumia kwa nadra sana.

Mbu walipungua, Mama. Sitakuficha hilo. Mwezi wa pili watu wakawa wananifungulia geti na kuchungulia nyuma yangu, wakiuliza yule dada wa upawa yuko wapi. Nilijikaza nikacheka nao, lakini roho ilikuwa inaniuma. Mimi niliyemfundisha kufunga kamba za viatu, leo msimamizi wetu ananiambia nifuatane naye nikajifunze! Nyumbani nako mke wangu alimsifu mezani, nikaacha chakula. Barua zako zikawa zinaanza kwa kumwulizia yeye. Nilizihesabu mara ulizonitaja.

Kisha ikasemekana kwamba kiongozi wa kikosi anastaafu, na msimamizi anataka kumweka mmoja wetu. Nafasi hiyo niliingojea kwa miaka. Ilikuwa yangu hata kabla yeye hajajua mbu anatagaje.

Wiki hiyo ndiyo lilipotokea la mkunga mstaafu. Huyo mama ana ua wenye miti mikubwa kuliko yote, na mdogo wangu alikuwa amemsafishia hadi mkunga akawa anakaa barazani na mjukuu wake mchanga bila chandarua. Ghafla mbu wakajaa. Mtoto alitapakaa vipele uso mzima. Mkunga akampigia simu msimamizi kwa hasira, tukaenda wote watatu, na nyuma ya jiko tukakuta shimo la mti halina hata chembe ya mchanga, maji yanachemka kwa viluwiluwi. Msimamizi alimwuliza mdogo wangu kama hilo alilisahau. Alichota upawa mmoja, akautazama kwa muda mrefu. Halafu akanitazama mimi. Akamwambia msimamizi kwamba huenda hakuangalia vizuri.

Akasimamishwa kazi siku hiyo hiyo, na mimi nikapewa uongozi. Hicho kifua alichokuambia, Mama, hakikuwahi kumsumbua.

Sasa niseme kweli. Siku tatu baada ya yeye kulijaza shimo lile, nilipita kwa mkunga kwa kisingizio cha kukagua, nikaufukua mchanga wote na kumimina chupa ya maji niliyoyachota kwenye mtaro ulio nyuma ya stoo yetu. Kwa haraka na kijicho nikasahau jambo nililomfundisha mwenyewe: viluwiluwi wa mtaroni wana mrija mrefu wa kupumulia, wa mashimo ya miti wana mfupi. Wa mtaroni hawapandi mtini wenyewe. Aliwaona kwenye upawa, akajua wametoka wapi na nani amewaleta. Angenitaja, mimi ndiye ningefukuzwa. Alinyamaza kwa sababu uliwahi kumwambia mimi ni baba yake.

Na unajua nilichohisi aliponitazama? Nilimwonea wivu hata kwa ule ukimya wake.

Leo asubuhi nimemwendea msimamizi nikamweleza yote. Hakunifokea. Alinyoosha mkono nimrudishie ufunguo wa stoo, akasema uongozi ni wa dada wa upawa akiutaka, nami nitabeba bomba chini yake endapo atanikubali. Nitakudanganya nikisema haikuniuma. Kwa mkunga nitakwenda kesho.

Mama, najua tangu macho yako yaingie ukungu, anayekusomea barua ni yeye. Ningeweza kuipitisha kwa mjomba nikaepuka aibu hiyo. Sikutaka. Na ninavyomjua, akifika kwenye habari ya chupa atajikohoza, ageuze ukurasa, akusomee tena habari za wajukuu. Basi mdogo wangu, kama umeruka, rudi. Msomee Mama neno kwa neno, kwa sauti. Mimi ndiye niliyekumwagia unga, wewe hukukosea kitu. Hii ndiyo amri ya mwisho ninayokupa nikiwa baba yako. Ukishaisoma, nitabaki kaka yako tu, kama bado unamtaka.

Mnisalimie mjomba na majirani wote. Mkwe wako na wajukuu wanakubusu mikono.

Ni mimi, mwanao wa kwanza.