Macho Mekundu ya Shangazi Kabula

Mawaleh, Maskati
Julai

Kulwa, pacha wangu,

Salamu zikufikie wewe na wote wa nyumbani. Wifi hajambo? Watoto wamepona ile surua? Mimi mwili ni mzima. Joto la huku sasa hata maji ya bombani yanachoma, lakini nimezoea.

Yale uliyoniambia kwa simu juzi nayajibu kwa barua hii. Ulisema yule mganga aliyeletwa kijijini kutafuta wachawi sasa amemtaja mama mkwe wako, eti macho yake mekundu ni ya kichawi. Ukasema mganga huyo ni mwongo mkubwa. Ukaniomba nimtafutie mama mkwe mahali pa kujificha.

Mwezi wa tatu, alipomtaja Shangazi Kabula, hukusema ni mwongo.

Ngoja nikusimulie. Unajua kazi yangu hapa ni kumtunza mama yake bosi, bibi wa Kiskoti, Mzungu wa Skotlandi. Mwanawe anasimamia kiwanda kule Rusayl, kwa hiyo mchana kutwa tunabaki wawili. Bibi alikuwa mwalimu wa historia kwao. Macho yake yameingia ukungu, na kila tukishakula mimi ndiye ninayemsomea. Kitabu cha sasa ni cha nchi yake, miaka ya elfu moja mia tano na tisini. Walikuwa wameiacha dini ya Papa si zamani sana, wahubiri wapya wana nguvu, na mfalme wao kijana alikuwa ameoa binti wa ng'ambo. Walipokuwa wakimleta bibi harusi bahari ikachafuka, meli nusura zizame. Mfalme akaamini amerogwa.

Wakamkamata mkunga mmoja mtu mzima. Wakamnyoa mwili mzima kutafuta alama ya shetani. Wakamfunga hatamu ya chuma yenye ncha zinazoingia mdomoni, wakamnyima usingizi mpaka akakubali kila alichoulizwa. Kisha wakamnyonga, na maiti wakaichoma moto.

Nilifunga kitabu. Bibi akaniambia niendelee, sijafika kwenye ubaya wenyewe.

Nikaendelea. Miaka ile inakaribia kwisha, alikamatwa mwanamke mwingine. Alipoteswa akaahidi kwamba wakimwacha hai atawaonyesha wachawi wote, kwa kuwa mchawi ana alama ndani ya macho. Wakamzungusha mji hadi mji. Katika mji mmoja mkubwa mchungaji alimwamini kabisa. Wanawake wakaletwa mbele yake, akawa anawatazama machoni: huyu ndiye, huyu siye. Aliowataja wakauawa. Baadaye watu wakaingiwa na shaka. Wale aliowataja leo wakamletea tena kesho, wamevaa nguo nyingine. Akasema hawa ni safi. Hapo ndipo alipokiri kwamba alikuwa anaiokoa roho yake tu. Naye wakamchoma.

Nikamuuliza bibi, yule mchungaji alifanywa nini.

"Hakufanywa kitu," akasema. "Watu walipoanza kunong'ona kwamba ameua wasio na hatia, wenzake wa kanisa wakatangaza kuwa atakayesema hivyo atafungwa hatamu."

Akaomba chai. Nilikwenda jikoni nikasimama tu, birika likachemka mpaka maji yakakauka.

Kulwa, macho ya shangazi ulijua yalivyokuwa mekundu. Mama alipokufa alituchukua, na kuni zilikuwa zimekwisha nchi nzima ile. Alitupikia kwa mavi makavu ya ng'ombe, anapuliza moto huku machozi yanamtoka, miaka yote mpaka tukawa watu wazima. Ule ugali tuliula mimi na wewe. Wekundu ule ni wetu.

Wazee walipokuuliza kama ukoo una neno, wewe mtoto wa kiume pekee wa baba yetu ulitazama chini. Wifi ndiye aliyeniambia. Akaniambia pia kwamba walipopita na mapanga mchana kweupe kwenda kwa shangazi, ulifunga mlango ukafungulia redio hadi mwisho. Mimi uliniambia "shangazi ametutoka," kama vile ni malaria.

Jirani yetu hapa, Bi Zuwena, Mwarabu aliyezaliwa Unguja, ndiye mwenye simu unayopiga. Aliniona nalia akasema, "Nnakwambia mwanangu, nduguyo ni nduguyo tu. Msamehe." Nilimshukuru, nikamwambia nimesikia.

Mama mkwe wako hajanikosea. Nimezungumza na Rehema, niliyekuwa nikifanya naye kazi huku kabla hajarudi Mwanza. Ana cherehani yake na chumba cha nyuma, amekubali kukaa naye. Mama aondoke siku hiyohiyo utakayoipata barua hii, asiage mtu.

Msalimie wifi, mwambie sitasahau kwamba alinieleza ukweli. Msalimie baba mdogo, mwambie mguu wake namwombea. Watoto wako wabusu wote, na wale wa kike wafundishe jina la shangazi.

Mama mpandishe basi, mpe mzigo wake, kisha urudi nyumbani. Usimsindikize hadi Mwanza. Rehema anajua nilikuwa na pacha, na nimemwambia alikufa mwezi wa tatu, siku moja na shangazi.

Ni mimi,
Doto